Shotigani au Raifo ya Kulinda Nyumba? Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

“Chukua shotigani, hiyo haina haja ya kulenga.” Watu wakianza kubishana kuhusu silaha ya kulinda nyumba, hii ndiyo kauli ya kwanza kusikika, na ndiyo iliyozaa upotofu mwingine mwingi. Msemaji anawaza wingu la marisau, yaani vigololi vingi vinavyotoka kwa risasi moja, linalofagia mlango mzima. Sasa chukua futi kamba upime chumba chako. Kutoka kitandani hadi mlangoni ni mita nne, labda tano. Marisau makubwa ya shotigani ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) hutawanyika kiasi cha sentimita mbili na nusu kwa kila mita, na mara nyingi pungufu ya hapo. Kwa mita tano yote yanatua ndani ya duara la sentimita 12 hivi, sawa na kisahani cha chai. Ukikosea shabaha kwa shibiri moja, umekosa na vigololi vyote, kwa kawaida tisa, na kila kimoja kinaendelea na safari yake.

Wenye raifo nao wasicheke. Kwenye raifo nyingi za kisasa, kilengeo kimekaa juu ya mtutu kwa sentimita sita au zaidi. Kwa hiyo katika umbali wa chumbani risasi hupiga chini ya pale jicho linapotazama kwa karibu kiasi hicho hicho. Asiyefanya mazoezi ya karibu hajui hilo, maana kwenye uwanja wa shabaha wa mita 100 halionekani.

Dhana ya pili ni ile ya mlio. Inasemekana kwamba mwizi akisikia shotigani ikikokiwa, krak-krak, atatimua mbio. Huenda wapo waliotimua. Lakini mlio huo huo unamwonyesha uliposimama, na kama naye ana silaha umempa faida. Mpango unaotegemea woga wa mtu usiyemjua si mpango. Ndugu wa dhana hiyo ni risasi ya kuonya: Februari 2013 Joe Biden, akiwa Makamu wa Rais wa Marekani, alieleza hadharani kwamba alimshauri mkewe atoke barazani afyatue shotigani mara mbili. Risasi iliyofyatuliwa lazima itue mahali, na katika sehemu nyingi kufyatua ovyo ni kosa hata kama nia ilikuwa kutisha tu.

Tuje kwenye kuta, maana hapa ndipo watu wengi hukosea, tena kwa kujiamini. Dhana ni kwamba raifo itatoboa nyumba nzima hadi kwa jirani, ilhali shotigani itaishia ukutani. Inaonekana ina mantiki: risasi ya raifo ya milimita 5.56 hutoka kwa kasi ya zaidi ya mita 900 kwa sekunde. Ila ni nyepesi, gramu 3.6 au 4 tu, tena nyembamba na ndefu. Ikigonga ukuta wa jipsamu hupoteza mizani, huanza kupinduka, na mara nyingine humeguka vipande. Kigololi kikubwa cha shotigani kina uzito unaokaribia huo huo, kama gramu 3.5, na kasi isiyofika nusu yake. Lakini ni mviringo. Kitu cha mviringo hakipinduki, kinasonga tu. Ndiyo maana watu wanapopiga risasi kwenye kuta za majaribio, marisau makubwa mara nyingi hupita sawa na risasi hiyo ya raifo au kuizidi.

Hilo lisikufanye uone raifo haina neno. Risasi zote mbili hupita zaidi ya ukuta mmoja wa jipsamu zikiwa bado na nguvu ya kuua. Na raifo si moja: risasi nzito za kuwindia wanyama wakubwa, au zile za kijeshi zenye kiini cha chuma, hazifuati hesabu niliyoeleza. Ukuta wa tofali hubadilisha mambo, lakini hata nyumba ya tofali ina milango ya mbao na madirisha. Swali la kujiuliza kabla ya kwenda dukani ni hili: nikisimama hapa nikielekeza mtutu kule, nani amelala nyuma ya ukuta ule?

Wapo wanaokimbilia marisau madogo ya kuwindia ndege, wakiamini yanamwangusha mtu na kuogopa ukuta. Baada ya maafisa wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, kupambana kwa risasi na majambazi huko Miami mwaka 1986, idara hiyo iliamua kwamba risasi za maafisa wake zipenye angalau sentimita 30 kwenye jeli ya majaribio inayoiga mwili. Marisau ya milimita mbili huishia mbali kabisa na kipimo hicho. Na kwa karibu, ukuta mwembamba bado yanautoboa.

Halafu kuna “mpe mama shotigani, ni rahisi.” Kati ya ushauri wote, huu ndio unaonikera zaidi. Teke la geji 12 ni kubwa mara kadhaa kuliko la raifo ya 5.56, na ile ya kukoki kwa mkono inataka uvute hadi mwisho kila mara. Mtu akiwa na hofu huvuta nusu, na bunduki inakwama. Raifo ni laini begani, lakini nayo ina magazini na vitufe vya kuzoea. Kwa kelele hazipishani: zote huvuka desibeli 150, na sikio huanza kuumia kwenye 140.

Tochi naitaja kwa kifupi: gizani, mtoto aliyeamka kunywa maji anafanana na mwizi.

Mwisho, kile kitufe cha usalama. Kwenye shotigani nyingi za kukoki kinafunga kifyatulio peke yake, hakizuii pini isigonge risasi. Ikidondoka ikiwa na risasi kwenye chemba, yaani pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, inaweza kulia bila kidole cha mtu kuigusa. Wanaolijua hilo huiacha chemba tupu, na bunduki yenyewe hukaa ndani ya kabati la chuma lililofungwa.