Je, wajua chembe za moshi zisizoonekana kwa darubini huhesabiwaje?

Lori la dizeli likipita, wingu jeusi unaliona na harufu unaisikia. Lakini chembe zilizo nyingi kuliko zote ndani ya moshi ule hazionekani kabisa: upana wake haufiki nanomita 100, ilhali unywele mmoja una nanomita 70,000 hivi. Hata darubini ya kawaida haizioni, kwa kuwa mawimbi ya mwanga wenyewe, nanomita 400 hadi 700, ni mapana kuliko hizo chembe.

Mizani nayo inashindwa. Vituo vingi vya hewa hupima uzito wa PM2.5, yaani vumbi lenye upana usiozidi mikromita 2.5. Chembe moja ya upana huo ina uzito wa chembe 15,625 za mikromita 0.1, yaani nanomita 100. Kwa hiyo chembe ndogo zinaweza kujaa hewani na uzito usionyeshe lolote, wakati ndizo zinazofika kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Vile vipimo vya bei nafuu vya kutundika ukutani vinatumia mwanga, na chini ya mikromita 0.3 huwa haviambulii kitu.

Basi dawa yake ni kuzinenepesha kwanza. Hewa huvutwa kupitia mrija wa joto wenye kitambaa kilicholowa butanoli, ambayo ni aina ya alkoholi, ikajaa mvuke. Kisha inaingia sehemu ya baridi, na mvuke unatua juu ya kila chembe kama umande unavyotua kwenye majani. Mara chembe imekuwa tone la mikromita 10 hivi. Matone yanapita moja moja mbele ya leza, kila moja linameta, na kila mmeto unahesabiwa. Mskoti John Aitken alitumia ujanja huohuo mwishoni mwa miaka ya 1880: alipoza hewa yenye unyevu kwa pampu, matone yakadondokea kibao chenye miraba midogo, naye akayahesabu kwa lenzi.

Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa siku ukizidi chembe 10,000 katika sentimita moja ya ujazo, nafasi isiyozidi dadu ndogo, kiwango hicho ni cha juu. Chini ya 1,000 ni cha chini.

Mashine za namna hii zilipelekwa kando ya barabara kuu ya 405 jijini Los Angeles, na matokeo yakatoka 2002. Karibu na magari hesabu ilipaa, ikashuka haraka kadiri wapimaji walivyosogea upande upepo unakoelekea, na kwenye mita 300 ikalingana na hewa ya kawaida ya mji. Namba hiyo ya 300 inanikaa rohoni. Ukichora mita 300 kila upande wa Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, humo mna madarasa, vitanda vya wagonjwa, na mama lishe anayeshinda hapo tangu asubuhi hadi usiku. Na huyo ana moshi wa jiko lake pia, kwa sababu mkaa, gesi, mafuta ya kukaangia, hata udi wa sebuleni, vyote hutoa chembe hizi.

Baadaye, karibu na barabara nyingine ya eneo hilohilo la Los Angeles, walipima kabla ya jua kuchomoza. Magari yalikuwa machache, lakini hewa ya baridi ilikuwa imelala chini bila upepo wa kuitawanya, na chembe zilifuatiliwa hadi kilomita 2 hivi kutoka barabarani.