Je, wajua kwa nini mbwa anayechapwa akinguruma ndo anakuja kung'ata bila onyo?

Pita mitaa ya Raskazone au Sahare hapa Tanga uhesabu mageti yaliyoandikwa MBWA KALI, yani "kali" hivohivo, utachoka mwenyewe. Ukimuuliza mwenye geti mbona mbwa wako yuko hivi, anakwambia ndo asili yake huyo, afu mbwa akimngurumia mgeni anakula teke, akirudia anakula bakora. Anatulia wiki mbili tatu, watu wanasema ameshika adabu, mara siku moja anamdaka mtoto wa jirani mguu na hakutoa hata sauti. Kila mtu anashangaa, mbona alishatulia?

Alitulia mdomo tu. Woga ulibaki palepale.

Maana mbwa wengi tunaowaita wakali ni waoga, na kunguruma ndo namna yao ya kusema usinisogelee. Tena kunguruma kunakuja mwishoni, kabla yake alishaongea sana sema sisi hatusikii. Anapiga miayo na hana usingizi, anajilamba pua na hamna chakula, anageuza kichwa pembeni ila jicho linakubakia wewe mpaka unaona ule weupe wake, mkia unaingia katikati ya miguu, afu anakakamaa kama mti. Ukimpiga pale anaponguruma anajifunza mambo mawili kwa mpigo: kunguruma kunaleta bakora, kwa hiyo aache, na mgeni akitokea mi napigwa, kwa hiyo mgeni ni balaa kweli. Sasa una mbwa anayeogopa zaidi kuliko jana na hana tena ruhusa ya kutoa onyo.

Hii njia ya kuunganisha kitu na kitu ndo ileile ya mwanasayansi Mrusi Ivan Pavlov, yule aliyepata Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake ya mmeng'enyo wa chakula. Mbwa wake walikuwa wanadondokwa mate kabla hata chakula hakijafika, kwa kusikia tu ile ishara inayotangulia chakula. Maumivu nayo yanaungana na kilichotangulia vilevile. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walitoa majibu ya wamiliki 140 wa mbwa wenye matatizo ya tabia, na kati ya waliowahi kuwapiga au kuwapiga mateke mbwa wao, asilimia 43 walisema mbwa aliwageuzia ukali wao wenyewe. Na ile habari kwamba lazima umwonyeshe nani bosi kama mbwa mwitu wanavyofanya, ilitokana sana na mbwa mwitu waliofungiwa bustani ya wanyama kule Basel, Uswisi, walioandikwa na mtafiti Rudolf Schenkel mwaka 1947. Mtafiti mwingine, David Mech, aliyewafuata porini, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi lao kwa kawaida ni baba, mama na watoto tu. Basi familia ya watu tumeifanya gereza.

Sasa mi nina Simba wangu, jina tu hilo, na adui yake alikuwa mchuuzi wa samaki. Anapita na baiskeli asubuhi, tenga nyuma, honi ile ya mpira po-po, Simba anabweka mpaka povu. Afu angalia, mchuuzi anapita na kwenda zake kwa sababu anauza mitaa mingine, lakini Simba kwenye akili yake anajua nimemfukuza mimi! Kila siku anashinda vita, ataacha vipi.

Nikaambiwa tumia chakula. Nikakaa barazani na mfuko wa dagaa wasio na chumvi, nikisikia honi kwa mbali nampa Simba dagaa fasta ili awahi kufurahi kabla baiskeli haijatokea. Siku ya nne nikashika mfuko tu, Simba akakunja mkia akaenda kujificha nyuma ya pipa. Dagaa zenyewe zimekuwa ishara kwamba baiskeli inakuja! Nilikuwa nimepanga kinyume bwana. Inatakiwa adui atokee kwanza, mbwa amwone, ndo dagaa ifuate, adui akiondoka dagaa zinaisha. Mwanasaikolojia Mmarekani Mary Cover Jones alifanya hivi mwaka 1924 na mtoto aliyeogopa sungura, akawa anapewa chakula anachokipenda huku sungura anasogezwa kidogokidogo, mpaka mtoto akamshika mwenyewe.

Kidogokidogo ndo penyewe hapo. Getini Simba alikuwa hata dagaa haioni, mbwa aliyepaniki hataki kula, na ukiona hataki kula jua mko karibu mno. Nikamtoa kwa kamba mpaka chini ya mwembe, hatua kama arobaini hivi, pale anaiona baiskeli, masikio yanasimama ila anakula. Tukakaa hapo siku kadhaa, afu thelathini na tano, afu thelathini. Siku bodaboda ilipompitia karibu akashtuka vibaya sikuendelea, nikamrudisha nyumbani apumzike, maana mwili ukishapata mshtuko hautulii kwa dakika tano, na kila kitu kinachofuata kinamkuta yuko juu tayari. Kwa mtoto wa mbwa kazi ni nyepesi zaidi, samaki mkunje angali mbichi, kuanzia kama wiki ya 3 hadi ya 14 hivi ndo akili yake inapokea wageni na makelele kirahisi.

Ila mbwa mpole aliyebadilika ghafla usimletee dagaa, mpeleke kwa daktari wa mifugo, anaweza kuwa na maumivu au kichaa cha mbwa. Na mbwa akikung'ata osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo wakuangalie kama unahitaji chanjo, usisubiri kuona.

Kwa Simba ilichukua kama miezi miwili na nusu. Sasa hivi honi ikilia po-po anageuka kuangalia mfuko wa suruali yangu. Mchuuzi naye siku hizi anasimama getini kabisa, nampa shikamoo yake tunapiga stori, ila kumshika Simba hataki hata kidogo, anasema mzee, huyo akinilamba niko na tenga la watu hapa, nani ataniosha mara saba, moja kwa udongo, kama dini yetu ya Kiislamu inavyotaka?