Umepimwa mlango wa kizazi, jibu halikueleweka: maswali tunayoulizwa kliniki Mtwara

Mimi ni muuguzi mkunga hapa Mtwara. Maswali haya nayasikia karibu kila siku ya kliniki, kutoka kwa akina mama wa mjini, wa Tandahimba na Newala, na wengine wanaotoka upande wa Lindi. Nimeyaandika kwa sababu kuna jambo moja nimechoka kuliona. Mama anapima mapema, vizuri kabisa. Jibu linatoka halieleweki, anaambiwa arudi apimwe HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, harudi. Tunakuja kumwona tena akiwa anavuja damu.

Nimeambiwa jibu langu halieleweki. Ndiyo nini?

Kama ulipimwa papsmia, mtaalamu wa maabara amezitazama chembe za mlango wako wa kizazi kwenye hadubini akakuta haziko sawasawa, ila hawezi kusema kwa uhakika ni kwa nini. Pengine ni maambukizi ya kawaida ukeni. Pengine ni mabadiliko yanayoelekea saratani. Kama ulipimwa kwa siki, ile inayopakwa kwenye mlango wa kizazi ili sehemu yenye kasoro igeuke nyeupe, inawezekana muuguzi ameona weupe ambao hakuweza kuuamulia, au hakuweza kuuona mlango wote. Huku kwetu kuna pia kichocho cha mkojo, ambacho nacho huharibu sura ya mlango wa kizazi na kumchanganya anayepima.

Basi si saratani. Naweza kukaa tu?

Hapana. Hujaambiwa una saratani, na hujaambiwa huna tatizo. Wengi wanasikia nusu ya kwanza ya maneno yetu, wanashukuru Mungu, wanapanda gari kurudi nyumbani. Nusu ya pili ndiyo inayowaokoa watu: urudi upimwe kirusi.

Hicho kipimo cha kirusi kinasaidia nini?

Saratani ya mlango wa kizazi karibu yote huletwa na kirusi kinachoitwa HPV. Aina zake ni nyingi, chache tu ndizo za hatari, na aina mbili, ya 16 na ya 18, zinahusika na takriban wagonjwa 70 katika kila 100. Kwa hiyo tukishindwa kuamua kwa kutazama chembe, tunatafuta kinacholeta saratani. Je, kimo au hakimo?

Njia hii imejaribiwa. Kuanzia 1996 Marekani walifanya utafiti mkubwa uliowahusisha wanawake zaidi ya 3,000 waliokuwa na jibu la namna hii hii. Kipimo cha kirusi kilinasa takriban 96 katika kila 100 ya wale waliokuwa na mabadiliko makubwa yaliyojificha. Kurudia papsmia mara moja kulinasa kama 85. Wanaopelekwa kwa uchunguzi zaidi walikuwa karibu sawa kwa njia zote mbili, kidogo zaidi ya nusu. Yaani mzigo ni uleule, ila kipimo cha kirusi kinaacha wagonjwa wachache nyuma.

Angalizo: kama karatasi yako imeandikwa mabadiliko makubwa, usingoje kipimo cha kirusi. Wewe unakwenda moja kwa moja kwa daktari akuangalie kwa kolposkopi, ile darubini ya kukuza mlango wa kizazi, na akate kinyama cha kupima ikibidi.

Kinaumiza?

Hakiumizi. Kuna brashi ndogo laini inayozungushwa kwenye mlango wa kizazi na kutiwa kwenye kichupa. Unasikia kama unaguswaguswa, basi. Kwa wanaoona haya, sampuli unaweza hata kujichukulia mwenyewe nyuma ya pazia kwa kijiti cha pamba, ukishaelekezwa. Mashine zinazopima kifua kikuu kwa makohozi zinaweza kupima na HPV zikiwekewa katriji yake, na zenyewe zinamaliza kwa kama saa moja. Uliza kliniki yako sampuli inapelekwa wapi na jibu utalipata lini, usiondoke bila kujua.

Usije ukiwa hedhini, na kwa siku mbili kabla usiweke dawa yoyote ukeni wala usikutane na mume.

Wakikuta hakuna kirusi?

Umepumua. Uwezekano wa kuwa na mabadiliko mabaya ni mdogo sana, na kwa kawaida unapangiwa kurudi baada ya miaka 3. Kurudi, narudia, maana "hakuna" ya leo haikukingi maisha yote.

Nikikutwa nacho, nina saratani? Na mume wangu je, ametoka nje?

Kuwa na kirusi si kuwa na saratani. HPV inapita kwa kujamiiana, na watu wengi wanaojamiiana huipata wakati fulani katika maisha yao. Kwa wengi mwili huifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Inayokataa kutoka ndiyo inayobadilisha chembe, taratibu, kwa miaka. Ndiyo sababu hatuwakimbilii wasichana wadogo na kipimo hiki: wengi watakutwa nacho, na kitaondoka chenyewe.

Kuhusu mume: kirusi hiki kinaweza kukaa mwilini miaka mingi kimya. Hakuna kipimo kinachosema kilitoka kwa nani wala lini. Akina baba, nawaomba sana, karatasi ya HPV si ushahidi wa uzinzi. Kuna wanawake wanaficha jibu kwa kuogopa talaka, na wakificha jibu hawaendi kwenye tiba. Mpe mkeo nauli, msindikize.

Lakini mimi sina maumivu, sitokwi na kitu. Nirudi kwa lipi?

Hili ndilo swali linaloua watu.

Mabadiliko yanayotangulia saratani hayaumi. Hayatoi damu. Hayanuki. Huwezi kuyasikia, na mumeo hawezi kuyajua. Tunakupima wakati husikii chochote kwa sababu wakati huo ndio tunaoweza kuyaondoa, mara nyingi siku moja, bila kukulaza. Ukingoja damu baada ya tendo la ndoa, ukingoja maji yenye harufu, ukingoja kiuno kikaze na mguu uvimbe, unangoja saratani yenyewe ifike. Mkulima wa korosho hangoji ubwiriunga ukaushe maua yote ndipo atafute salfa. Anajua akichelewa anapuliza bure.

Na damu ikishatoka, tafadhali, isipewe majina. Mama wa miaka 55 aliyekoma hedhi zamani anasema "zimenirudia". Hazijarudi. Damu baada ya kukoma hedhi inakuleta hospitali wiki hiyohiyo.

Naweza kusubiri korosho ziishe?

Hapana. Najua Oktoba mpaka Desemba shambani hapalali mtu, na najua hela ya mnada ndiyo inayolipa ada za shule. Lakini naujua na mwendo wenyewe: korosho zikiisha kuna kulima mihogo na mpunga, halafu msiba, halafu sherehe ya mwali kutoka unyagoni, na msimu mwingine umefika. Mama mmoja alinifungulia pindo la khanga akatoa karatasi ya majibu iliyokunjwa mara nne, wino umefifia kwa jasho. Ilikuwa na zaidi ya miaka miwili. "Nilikuwa nailinda isipotee, dada." Aliilinda kweli. Alipoketi kitini kwangu khanga ya pili aliyojifunga ndani ilikuwa imelowa damu.

Saratani ikishakomaa safari yake ni hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa, kwa mionzi ya wiki kadhaa. Ng'ombe atauzwa na shamba litawekwa rehani. Siku mbili za kuacha korosho ni nafuu mno.

Nimepewa dawa ya kusafisha kizazi. Nijaribu kwanza?

Usijaribu kwanza. Hakuna mzizi, kidonge cha kusukumia ndani, ndimu, magadi wala sabuni ya ukeni inayotoa HPV. Vinaunguza uke, vinaua bakteria wazuri wanaoulinda, na vinatuchafulia kipimo. Wanaowauzia hivyo vitu kwenye simu hawatakuwepo siku ya rufaa. Na makungwi wetu, ambao mabinti wanawasikiliza kuliko wanavyotusikiliza sisi, wangetusaidia mno kama kwenye mafunzo yao wangeacha kufundisha kujisafisha kwa ndani.

Nina VVU, natumia dawa vizuri. Kuna tofauti kwangu?

Ipo, kubwa. Hatari yako ni takriban mara 6 ya mwanamke asiye na VVU, na mabadiliko yanaweza kufika kwenye saratani kwa miaka 5 hadi 10, badala ya 15 hadi 20. Wewe unaanza kupimwa ukiwa na miaka 25, wenzako 30, na unarudi mapema zaidi yao hata jibu likiwa zuri. Siku ya kuchukua dawa CTC, yaani kliniki ya tiba ya VVU, ulizia na hili.

Hedhi imekoma. Bado ninahusika?

Unahusika. Kwa umri huo sehemu tunayoitafuta huwa imejivuta ndani na siki haionyeshi vizuri, kwa hiyo kipimo cha kirusi kinakufaa wewe hasa.

Wakiona mabadiliko wanatoa kizazi?

Mara nyingi hapana. Sehemu iliyobadilika inachomwa kwa joto au kugandishwa kwa baridi kali, dakika chache, unarudi nyumbani siku hiyo. Ikiwa pana au imeingia ndani, inakatwa kwa waya wa umeme. Utatokwa na majimaji kwa wiki chache, na hutakutana na mume kwa kama mwezi mmoja. Kuzaa bado unaweza.

Na binti yangu?

Chanjo ya HPV hutolewa bure kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na tangu 2024 ni dozi moja. Haifungi kizazi.

Nimepoteza karatasi, na muda niliopewa umepita. Naona aibu kurudi.

Njoo hivyo hivyo. Sema jina ulilojiandikisha nalo na mwezi uliopimwa, hata kwa kukisia, tutakutafuta kwenye rejista. Ukikosekana tunakupima upya. Atakayekufokea mlangoni mwambie umetumwa na muuguzi kuja kupima HPV, kisha ingia ukae kwenye benchi.