Je, wajua kwa nini kadi kuukuu ya mchezaji inaweza kukosa bei?

Pale sokoni Kibuye, Kisumu, niliwahi kupata kwenye meza ya mitumba boksi la kadi za besiboli za Marekani, zile zenye picha za wachezaji ambazo watu hukusanya, za mwaka 1990. Nilizihesabia umri, zaidi ya miaka 30, nikaamini zina thamani kubwa. Nilikosea, na kwa kuwa bado nawasikia wengi wakiamini hivyo, acha nilirudie: umri peke yake hauipi kadi bei. Kuna kadi za mwaka jana zinazouzwa ghali kuliko boksi langu zima.

Bei inategemea ni ngapi zimesalia zikiwa safi, na ni wangapi wanazitafuta.

Chukua mahindi ya Kitale. Mwaka ambao wachache tu wameweka akiba, ikifika Mei gunia linapanda. Mwaka ambao kila mtu amejaza ghala akingoja Mei, magunia yote yanatoka kwa pamoja na bei inalala. Kadi za miaka ya 1950 ni ule mwaka wa kwanza. Ziliuzwa pamoja na chingamu. Watoto walizibana kwenye spoki za baiskeli zilie kama pikipiki, na zilizobaki zikafagiliwa. Kadi ya Mickey Mantle, nyota wa besiboli wa zamani, ya kampuni ya Topps, ya 1952, inanistaajabisha kuliko zote. Sy Berger, aliyeibuni seti hiyo, alisimulia kwamba mwaka 1960 masanduku yaliyokosa wanunuzi yalipakiwa kwenye tishari na kutupwa baharini karibu na New York. Tunategemea neno lake tu hapo. Lakini mnada wa Agosti 2022 unajulikana: kadi moja ya Mantle, iliyopewa alama 9.5 kati ya 10 kwa hali yake nzuri, ilikwenda kwa dola milioni 12.6.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 watu walishajua kadi ni pesa. Wakanunua maboksi na kuyafungia, viwanda navyo vikachapa kupita kiasi. Ghala likajaa, na boksi langu limetoka humo.

Siku hizi kiwanda chenyewe hupanga uadimu: kadi hupigwa namba, tuseme 7/25, yaani ya saba kati ya 25, au 1/1 kumaanisha iko moja tu. Mbinu hiyo inafanya kazi, ila kwa masharti. Sifa za Mantle zimeshakamilika. Za kijana anayecheza leo zinategemea goti lake. Tena mchezaji mmoja anaweza kuwa na kadi kadhaa za 1/1, kila moja ikitofautiana na nyenzake kwa rangi ya ukingo tu.