"Mzee apumzike" na dhana nyingine zinazowadhoofisha wazee wetu

Mtu akishavuka miaka 70, ushauri humjia kutoka kila upande. Watoto wana wao, majirani wana wao, na siku hizi kundi la WhatsApp la ukoo nalo halilali. Mwingi hutolewa kwa mapenzi, lakini mapenzi hayaufanyi kuwa sahihi, na baadhi ya mambo tunayoyaita heshima ndiyo yanayowaangusha wazee.

Dhana: Mzee apumzike, kazi amefanya za kutosha

Naiona hii kuwa mbaya kuliko zote kwa sababu imevikwa adabu. Bibi akishika ndoo, mjukuu anampokonya. Babu akitaka kwenda dukani, anaambiwa atume mtoto. Baada ya muda, kuinuka kwenye mkeka kunataka watu wawili wa kumshika, nasi tunasema umri umemfikia.

Misuli isiyotumika hupungua, na ya mzee hupungua haraka kuliko ya kijana. Lakini hurudi. Mwaka 1990, watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu waliyowapa wakazi 10 wa makao ya wazee, watu dhaifu wa miaka 86 hadi 96. Kwa waliomaliza wiki 8, nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili waliweka mkongojo chini.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wa miaka 65 na kuendelea wapate angalau dakika 150 za kuushughulisha mwili kwa kiwango cha wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba, siku tatu au zaidi. Si lazima iwe jimu. Kupalilia bustani, kufagia uwanja, kutembea hadi msikitini au kanisani, vyote vinahesabika. Kuinuka kitini na kuketi tena mara kadhaa bila kujishika ni zoezi zuri la mapaja. Mwenye goti bovu au moyo wenye matatizo aulize kwanza kwenye kituo cha afya ni zoezi lipi linalomfaa, asiachiwe tu kukaa.

Dhana: Kanuni za afya ni zilezile, mzee azifuate zote

Kanuni ni nzuri, ila mzee anayepewa orodha ya mambo kumi kwa mpigo ataacha yote kumi. Isitoshe, tatizo la huyu si la yule. Mmoja presha yake haishikiki, mwingine kila kipimo kiko sawa ila tangu afiwe na mwenzake hazungumzi na mtu.

Utafiti uitwao SMARRT, uliofanyika jimbo la Washington, Marekani, na kuchapishwa 2023, uliangalia jambo hili. Walichukuliwa watu 172 wa miaka 70 hadi 89, kila mmoja akiwa na angalau mambo mawili yanayoongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu: presha au kisukari kisichodhibitiwa, kutofanya mazoezi, upweke, sonona, usingizi mbaya, sigara, au dawa zinazoweza kuvuruga ubongo. Kundi moja lilitumiwa vipeperushi vya elimu ya afya. Wa kundi la pili walikaa na mshauri wa afya na muuguzi, kila mzee akachagua mwenyewe aanze na lipi, akajiwekea malengo madogo, kisha akafuatiliwa kwa miaka miwili.

Alama za kumbukumbu na fikra za kundi hili la pili zilipanda kwa asilimia 74 zaidi ya wenzao. Namba hiyo isikutie kiwewe, maana kwa vipimo halisi tofauti ilikuwa ya kiasi. Kinachonivutia mimi ni kwamba waliachiwa kuchagua. Kwa hiyo kabla ya kumwandikia mama orodha, muulize yeye mwenyewe kipi kinamsumbua na kipi anaona anakiweza wiki hii.

Dhana: Kusahau ni uzee tu

Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta dimensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, kwa takriban watu 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na zaidi. Ingekuwa ni uzee tu, wale wengine 94 wangekuwa wapi? Kusahau miwani ilipo ni jambo la kawaida. Kupotea njia ya kurudi nyumbani kwako si kawaida, na wala si uchawi. Mzee apimwe, kwa sababu wakati mwingine chanzo ni kitu kinachotibika, kama upungufu wa vitamini B12, sonona, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa au maambukizi ya mkojo. Masikio pia. Asiyesikia vizuri huonekana amesahau kumbe hakusikia tangu mwanzo.

Dhana: Uji na chai vinamtosha

Havimtoshi. Mzee hula kidogo, lakini mwili wake unahitaji protini nyingi kwa kila kilo kuliko wa kijana. Dagaa, maharage, mayai na maziwa viingie humo kwenye sahani ndogo. Kama shida ni meno, dagaa husagika.

Dhana: Presha imekaa sawa, dawa sasa basi

Imekaa sawa kwa sababu ya dawa.

Dhana: Usingizi ukikataa, piritoni moja inatosha

Ni kweli piritoni inaleta usingizi, ndiyo maana imezoeleka. Lakini ni dawa ya mzio, na mwili wa mzee huchelewa kuitoa. Asubuhi anaamka na kizunguzungu, mdomo mkavu, pengine mkojo umeziba au anachanganya majina ya watoto. Akienda msalani usiku, anaanguka, na nyonga ikivunjika katika umri huo ni safari ndefu. Diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, nayo ina hatari kama hiyo, ila anayeitumia kila siku asiikatishe ghafla bila daktari.

Kabla ya kidonge, angalia chai ya usiku, usingizi mrefu wa mchana, na maumivu ambayo hajayasema. Siku ya kliniki, tia dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, za hospitali, za duka la dawa na za miti shamba, mzimwage mezani mbele ya daktari.