720,720: namba yenye vigawo 240

Kigawo ni namba inayoigawanya nyingine bila kuacha baki. Vigawo vya 12, kwa mfano, ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Namba 720,720 ina vigawo 240, na katika namba zote zilizo chini yake hakuna hata moja inayofikisha idadi hiyo. Iliyoshika rekodi kabla yake, 665,280, ina 224.

Kwa wavuvi wa Lamu faida ya namba ya namna hii haihitaji maelezo marefu. Tuseme samaki wameuzwa, fungu la chombo limetolewa, na mabaharia wamebakiwa na shilingi 720,720 za kugawana sawasawa. Wawe watano, saba, kumi na watatu au kumi na sita, kila mmoja atapata shilingi kamili. Idadi yoyote kuanzia 1 hadi 16 inakubali. Wakiwa 17, kila mmoja anapata 42,395 na shilingi 5 zinabaki bila mwenyewe. Hakuna kiasi kidogo zaidi kinachogawika kwa namba zote hizo 16, na ndiyo maana 720,720 huitwa kigawe kidogo cha shirika cha namba 1 hadi 16.

Tukiivunja kwa namba tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, tunapata 2×2×2×2×3×3×5×7×11×13. Zile 2 nne zimo kwa ajili ya 16, na 3 mbili kwa ajili ya 9. Namba kama 12, 14 na 15 hujipatia mahitaji yao humo humo. Kuunda kigawo ni kuchagua: uchukue 2 ngapi, kuanzia sifuri hadi nne (njia 5), 3 ngapi (njia 3), kisha kila moja ya 5, 7, 11 na 13 uichukue au uiache. Basi 5×3×2×2×2×2 ni 240.

Jambo ninalolipenda zaidi ni umbo lake: 720 imeandikwa mara mbili. Kuandika namba ya tarakimu tatu mara mbili ni sawa na kuizidisha kwa 1,001, na 1,001 ni 7×11×13. Kwa hiyo 254,254 nayo lazima igawike kwa 7, 11 na 13. Jaribu na yoyote uipendayo.

Wengi hudhani namba ikiwa kubwa basi vigawo vitakuwa vingi. Sivyo hata kidogo. Jirani yake, 720,721, ni 71×10,151, na ina vigawo vinne tu. Wala majirani hao wawili hawawezi kushiriki kigawo chochote zaidi ya 1, kwa kuwa kigawo cha zote mbili kingelazimika kuigawanya tofauti yao, ambayo ni 1.

Aliyezichunguza kwa kina namba hizi zinazovunja rekodi ya vigawo ni Srinivasa Ramanujan, mwanahisabati wa India aliyewahi kuwa karani wa hesabu katika bandari ya Madras (leo Chennai), ng'ambo ya bahari hii hii yetu. Utafiti wake ulichapishwa mwaka 1915. Rekodi ya 720,720 inavunjwa na 1,081,080, yenye vigawo 256, ingawa yenyewe haigawanyiki kwa 16.