Pazia la gari-nyumba likilala upande, tazama tundu kabla ya kamba

Mwongoza watalii mmoja wa Entebbe aliniletea gari-nyumba la zamani alilonunua kwa wasafiri waliofika nalo Uganda kwa barabara. "Fundi, mapazia yote sita yameoza. Nishonee mapya." Niliyagusa moja baada ya jingine. Matano vitambaa vyake vilikuwa vizima kabisa. Kilichokufa ni kamba.

Pazia la mikunjo hushikiliwa na kamba mbili nyembamba, unene wa milimita moja hivi. Kila kamba huanzia kwenye springi iliyofichwa ndani ya reli ya juu, hushuka ikipenya mkunjo baada ya mkunjo, huingia reli ya chini, huvuka ndani yake mpaka upande wa pili, ndipo hutoka na kufungwa kwenye kishikizo kilichokazwa ukutani chini ya dirisha. Ya kushoto hutokea kulia, ya kulia hutokea kushoto. Kule kupishana ndiko kunakoifanya reli ipande na kushuka ikiwa sawa, na msuguano wake ndio unaolibakiza pazia pale unapoliachia. Moja ikikatika, upande wake unalala. Mapazia yenye kitambaa cha mchana na cha usiku huwa na kamba nne, lakini mpango ni uleule.

Kamba hukatikia wapi? Karibu kila mara ni kwenye tundu la reli. Bushi, ile pete ndogo ya plastiki inayokaa tunduni, ikishachomoka, kamba husuguana na makali ya alumini kila unapofungua na kufunga. Kwenye barabara ya murramu mtikisiko huisugua hata pazia lisipoguswa, na vumbi linafanya kazi ya msasa. Nimeshapokea mapazia yaliyobadilishwa kamba mwezi mmoja tu nyuma, yamekatika palepale, kwa sababu aliyebadilisha hakuligusa tundu. Hili linaniuma, maana mwenye gari amelipa mara mbili kwa kosa moja.

Mimi hulainisha makali kwa msasa laini, kisha hukata kipande kifupi cha mrija wa wino wa kalamu, nikakisukuma tunduni na kukishika kwa tone la gundi. Hapo ndipo nashika kamba.

Wengi hutumia uzi wa naironi wa nyavu, kwa kuwa pale Ggaba, kwenye mwalo wa wavuvi, haukosekani. Usiutumie. Naironi huvutika, na jua huila haraka kuliko poliesta. Nasi tuko kwenye ikweta, jua kali mwaka mzima. Tafuta kamba ya poliesta iliyosukwa. Urefu wa kila kamba: kimo cha dirisha, jumlisha upana mara mbili, ongeza nusu mita ya kufungia.

Kabla ya kufungua chochote, piga picha. Lifunge pazia likiwa limekunjwa, ulibane kwa vibanio vya nguo. Kama kamba ya zamani bado imepita ndani, usiifunge fundo na mpya, fundo halitapita. Zishone ncha kwa ncha kwa uzi mwembamba, uvute polepole. Kama imeshatoka, pitisha kwa sindano ndefu, ukihesabu matundu. Ncha iunguze kidogo kwa kiberiti isifumuke. Mwishoni springi ivutike kiasi tu. Ukikaza mno, hiyo kamba mpya utaikata mwenyewe.

Kuosha ni kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na brashi laini. Mashine na pasi huua mikunjo. Likaushe likiwa limekunjwa, limefungwa kwa vitambaa. Upande wenye rangi ya fedha upanguse tu, ukiusugua utabanduka.

Lile pazia la sita lilikuwa la dirisha lililozoea jua la alasiri. Nilibana mkunjo kwa vidole viwili, ukachanika kama gazeti. Kitambaa cha namna hiyo hakina tiba, na kumtoza mtu pesa ya kamba hapo ni kumdhulumu. Nilimshonea pazia la kawaida lenye bitana nzito.

Kazi ilipokamilika tulingoja giza, tukawasha taa zote ndani, tukalizunguka gari kwa nje tukitafuta vitobo vya mwanga. Tulipata vitatu. Niliviziba kwa nyuma kwa viraka vyembamba na gundi inayobaki laini ikikauka, kwa maana ile inayokauka ngumu hupasuka pazia likikunjwa, na kitobo kinarudi kikubwa zaidi.